Mtoto Wangu Hapendi Kingine ila Dira za Maji: Nifanyeje?

Tangu tulipoandika katika toleo la Aprili kuhusu usonji, hali ya ubongo ambayo kwa Kiingereza huitwa autism, barua nyingi zilizotufikia zimekuwa zikirudi kwenye jambo moja: mtu mwenye usonji anayekipenda kitu kimoja kupita kiasi, tena mara nyingi kitu ambacho wengine hawakioni kuwa cha kupendwa. Nimechagua barua nne, nimezifupisha na kuondoa majina, kisha nimezipa ukurasa huu wote. Katika miaka niliyofundisha darasa la elimu maalumu sikuona jambo lililowaletea watoto adhabu nyingi zisizo na sababu kama hili, wala sikupata njia nyingine iliyonifikisha kwao upesi kama hii.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, na alipokuwa na mitano daktari alituambia ana usonji. Kwa miaka miwili sasa hapendi kitu kingine ila dira za maji, yaani mita. Kila alasiri huzunguka mtaani na daftari, huchuchumaa mbele ya dira ya kila nyumba, hufuta vumbi kwenye kioo kwa kiganja, kisha hunakili namba ya dira na uniti zilizofikiwa. Dira za nyumba thelathini na moja anazijua kwa kichwa. Jirani mmoja alimfukuza akidhani ametumwa kuziiba, mwingine anasema ni shetani wa maji na amenielekeza kwa mganga. Baba yake alilichoma daftari la kwanza. Mtoto akalia siku tatu na chakula hakugusa. Je, huu ni ugonjwa juu ya ugonjwa? Tumkataze? — Mama, Tanga

Marahaba mwanangu. Msimkataze, na daftari jingine mnunulie leo hii. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa mama aliyeshuhudia mtoto akilia siku tatu hana subira ya maelezo marefu. Sasa nieleze sababu.

Huo si ugonjwa wa pili, ni sehemu ya usonji wenyewe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013 na hutumiwa pia katika nchi nyingine nyingi, unaitaja shauku finyu yenye nguvu isiyo ya kawaida kuwa mojawapo ya alama nne za upande mmoja wa usonji. Nyingine ni kurudiarudia miondoko au maneno, kushikilia utaratibu uleule kila siku, na kuhisi sauti, mwanga au mguso kwa ukali mno au kwa uhafifu mno. Daktari hutafuta angalau mbili kati ya hizo nne, tena pamoja na ugumu wa kuwasiliana na kuingiliana na watu, kwa hiyo hakuna anayehesabiwa kuwa na usonji kwa sababu tu anapenda kitu sana. Vilevile usiichanganye shauku hii na maradhi ya kujilazimisha, ambayo mwenye nayo hunawa mikono mara hamsini bila kutaka, kwa sababu asiponawa hofu humkaba. Mwanao hakabwi na chochote. Wewe mwenyewe umeandika, katika sehemu ya barua yako niliyoifupisha, kwamba akirudi na daftari lake hula vizuri na kulala mapema, na mtoto anayeteswa na jambo hakai hivyo.

Kuhusu shetani, sitaki kumvunjia heshima jirani yako, na dua ya mzazi kwa mwanawe haina ubaya wowote. Lakini fedha ya mganga itunzeni. Usonji hutokana na jinsi ubongo unavyojengeka tangu mwanzo wa maisha, kwa sehemu kubwa kwa urithi, na hakuna kafara wala kombe linaloubadilisha.

Kwa nini iwe dira, na isiwe mpira kama watoto wengine? Mwaka 2005 watu watatu wa Uingereza na Australia, Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, ambaye mwenyewe ana usonji, walichapisha hoja ambayo imenisaidia kuliko nadharia nyingi nilizofundishwa chuoni. Walisema kwamba umakini wa kila mtu una kiasi chake. Wengi wetu huugawa katika mifereji mingi midogo, ilhali mwenye usonji huuelekeza karibu wote katika mifereji michache. Anayemwagilia bustani ataelewa upesi. Maji yaleyale yakiingizwa katika mfereji mmoja huenda kwa kasi na kwa kina, lakini matuta ya pembeni hukauka. Ndiyo maana mtoto huyohuyo anayekumbuka namba za dira thelathini na moja hasikii unapomwita mara ya nne, na ndiyo maana kumtoa ghafla katika jambo lake humuumiza kama kumwamsha mtu usingizini kwa kumvuta mguu.

Sasa ichunguze dira yenyewe kwa jicho lake. Kuna kigurudumu kidogo chenye meno kinachozunguka maji yanapopita; bomba likifunguliwa kinazunguka, likifungwa kinasimama, leo na kesho na mwakani. Namba zake hupanda, hazishuki. Watu hawako hivyo. Jirani anayemchekea asubuhi humfukuza jioni kwa jambo lilelile, na mtoto asiyesoma nyuso za watu hana njia ya kujua kilichobadilika ni nini. Dira haijapata kumfanyia hivyo. Wala usidhani mwanao peke yake ndiye mwenye shauku ya ajabu: utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007 kuhusu shauku za watoto wa aina yake ulibeba katika kichwa chake buibui wakubwa na brashi za kusugulia choo, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo watoto waliohojiwa walikuwa wakivipenda. Katika darasa langu nilikuwa na msichana wa kufuli. Alikuwa akizishika sikioni, akizungusha ufunguo polepole, na kwa mlio tu aliweza kusema ni ya mlango wa stoo au ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Kisa ninachowasimulia wazazi kila mara ni cha Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Kabla hajafikisha miaka mitatu aliweza kutamka kwa kichwa Zaburi ya 23 pamoja na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya kanisa lao, lakini baba yake aliporudi nyumbani hakuonekana hata kutambua kwamba kuna mtu ameingia. Alikuwa na wazimu wa kuzungusha vitu vya mviringo, sufuria na vinginevyo. Baba huyo aliandika kila alichokiona kwa mwanawe katika barua ya kurasa 33 zilizopigwa taipu, akaipeleka kwa daktari Leo Kanner wa Baltimore, na mwaka 1938 mtoto akapelekwa huko. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala kuhusu watoto 11, wa kiume 8 na wa kike 3, huku Donald akiwa wa kwanza katika orodha, na kutokana na makala hiyo madaktari wa dunia wakaanza kuutambua usonji kwa maana tunayoijua sasa; ingawa haki ni kusema kwamba daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa ameshawaeleza wavulana sita wa namna hiyo katikati ya miaka ya 1920, bila wengi kumsoma.

Lakini si Kanner ninayetaka umkumbuke. Mwaka 1942 wazazi wa Donald walimpeleka akakae na mume na mke waliokuwa wakulima, kiasi cha kilomita 16 kutoka nyumbani. Alikuwa na umri wa mwanao. Kanner alipowatembelea Mei 1945 alistaajabu jinsi watu wale wawili, ambao hawakuwa madaktari wala walimu, walivyomwelewa. Donald alikuwa akipima kila kitu, basi wakamwambia achimbe kisima na awape taarifa ya kina chake. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa, basi wakamtengea kipande cha ardhi kiwe makaburi yao, na kila kaburi akaliwekea kibao chenye jina la kwanza, aina ya mnyama, na jina la ukoo wa mkulima: “John Konokono Lewis. Kuzaliwa: tarehe haijulikani.” Tarehe ya kufa ilikuwa ile siku aliyomwokota. Tena alikuwa akihesabu mistari ya mahindi, akimaliza anaanza upya, akimaliza anaanza upya. Wakamwambia ahesabu huku akilima. Mbele ya macho ya Kanner alilima mistari sita mirefu, akimgeuza farasi na plau mwisho wa kila mstari bila taabu.

Hakuna alichonyang'anywa. Kila alichokipenda kilipewa kazi. Donald alimaliza chuo kikuu mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akajifunza gofu na kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo, hilo tusilifiche, na si kila mtoto mwenye usonji atafika alikofika. Lakini kumpa mtoto kisima badala ya kumnyima futi ya kupimia hakuhitaji utajiri.

Kwa hiyo, mama, anza na majirani. Nenda naye nyumba kwa nyumba siku moja, yeye akiwa na daftari wewe ukiwa na maneno, mwombe kila mwenye nyumba ruhusa, na anayekataa mwandike katika ukurasa wake wenye kichwa “Hapa hatuingii”, kwa sababu watoto hawa hushika kanuni iliyoandikwa kuliko karipio. Weka saa ya kuanza na ya kumaliza, na dakika kumi kabla ya kumaliza umwambie. Asivuke barabara kuu peke yake, asifunue vifuniko vya mashimo. Kisha ifanye dira iwe darasa. Uniti moja ni lita 1,000. Katika dira nyingi tarakimu nyeusi ni za uniti na nyekundu ni za vipande vya uniti. Hapo pana kujumlisha, kutoa, kuzidisha na desimali, bila kununua kitabu.

Na baba yake, ambaye naamini alilichoma lile daftari kwa hofu na wala si kwa chuki, mpe nafasi ya kurudi kwa mwanawe. Usiku watu wote wakishalala na mabomba yote yakiwa yamefungwa, wasome dira ya nyumbani pamoja, waandike; alfajiri wasome tena kabla maji hayajafunguliwa. Tarakimu nyekundu zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja mahali, na ankara ya mwezi itashuka kwa kazi ya mtoto huyo. Wafanye hivyo kila wiki, wawili peke yao.

Mwalimu, ninafundisha darasa la tatu. Nina mwanafunzi mwenye usonji ambaye huchora feni tu: feni za dari, feni za mezani, feni za nyuma ya kompyuta. Umeme ukikatika, feni ya darasani ikasimama, hulia. Mwalimu mkuu ameniagiza nimnyang'anye penseli mpaka akubali kuchora vitu vingine. Nifuate agizo? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu mwenzangu, penseli mwachie, na kwa mwalimu mkuu nenda na habari ya Temple Grandin. Mwanamke huyu wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, alichelewa kusema, na alipokuwa msichana alikwenda katika ranchi ya shangazi yake huko Arizona akashikwa na shauku ya kifaa kinachombana ng'ombe pande mbili ili atulie wakati wa kuchanjwa. Alijitengenezea cha kwake, akawa anaingia ndani yake kujituliza. Shuleni walikuwapo waliotaka kifaa hicho kiondolewe. Mwalimu wake wa sayansi hakukubaliana nao. Alimwambia kwamba akitaka kujua kwa nini kubanwa kunatuliza, itambidi asome sayansi. Akasoma. Leo ni profesa wa sayansi ya wanyama katika chuo kikuu cha jimbo la Colorado, na miundo yake ya kupitishia ng'ombe machinjioni bila kuwatia hofu imeenea Marekani na nje yake.

Basi kila somo liingize kupitia feni. Mapanga matatu kwa feni nne ni mapanga mangapi. Upepo ni nini. Mota inapata wapi umeme. Andika sentensi tano kuhusu feni ya nyumbani kwa bibi. Baada ya wiki kadhaa mwombe achore chumba ambamo feni imefungwa, kisha watu waliokaa chini yake. Kuhusu umeme kukatika, tengeneza feni ndogo ya karatasi inayozungushwa kwa mkono, ikae mezani kwake kwa ajili ya dakika hizo. Na usikubali kamwe feni itumike kama kiboko, yaani kunyimwa kuichora kila anapokosea, kwa maana utakuwa unachafua kisima unachokusudia kuchotea.

Assalaam aleikum. Binti yangu ana miaka kumi na minne. Tangu akiwa na saba anakusanya majina ya kanga. Ameandika mia kadhaa, kwa alfabeti, na kando ya kila moja ameandika rangi ya pindo, kama mji wake, yaani sehemu ya kati, una maua au korosho, na kama lina ile alama ya mwenye kanga, K.H.E., Mali ya Abdulla. Rafiki hana, kelele za harusini humfanya azibe masikio na kukimbia. Niliuliza kama ana usonji, nikajibiwa kwamba msichana anayependa kanga ni msichana tu. Mwezi uliopita kwenye msiba alimwendea mama mmoja aliyekuwa akilia, akamnyanyua kanga begani ili asome jina. Nilitamani ardhi inimeze. — Baba, Mombasa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Jibu ulilopewa lina kosa ambalo limewapotezea wasichana wengi miaka ya msaada. Anayetathmini asiulize tu kwamba mtoto anapenda nini, bali anakipenda kwa kiasi gani na kwa namna gani. Mvulana anayehifadhi ratiba za treni huonekana upesi kwa kuwa jambo lake ni geni machoni. Msichana mwenye usonji mara nyingi hupenda kitu ambacho wenzake pia hukipenda, wanyama, hadithi, mwimbaji fulani au nguo, na watu hukiona kitu, hawaioni nguvu. Wasichana wengi wanaopenda kanga huzivaa, huzipokeza, huzikata sare. Binti yako anaziorodhesha. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kwa kila msichana mmoja mwenye usonji kuna wavulana wanne, lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba uwiano wa kweli unakaribia watatu kwa mmoja, na kwamba wasichana wengi wanaotimiza vigezo hupita bila kutambuliwa. Siwezi kumpima binti yako kwa barua. Hata hivyo kukosa marafiki, masikio yanayoumizwa na kelele, na shauku ya miaka saba ya namna uliyoieleza, vikikaa pamoja, vinatosha kabisa kumrudisha kwa wataalamu. Katika kaunti yako kuna kituo cha serikali cha tathmini ya elimu maalumu, na Kasarani, Nairobi, ipo taasisi ya taifa ya elimu maalumu, KISE, yenye kituo chake cha tathmini. Nenda na lile daftari la kanga. Litasema mengi kuliko wewe.

Kuhusu msiba, nakuomba usimwadhibu. Hakumdharau mfiwa, jina lilikuwa limekunjwa, naye akalikunjua. Watoto wengine hujifunza kanuni ya mahali pale kwa kuchungulia nyuso za wakubwa, lakini yeye anahitaji kuambiwa kwa maneno, tena maneno machache yasiyo na fumbo: nguo iliyo mwilini mwa mtu haiguswi, jina lililofichika huombwa kwa kauli, na palipo na kilio haliombwi kabisa, mpaka siku ya arubaini ipite. Mwandikie hivyo ndani ya jalada la daftari lake.

Kisha kuna hazina ambayo pengine hujaiona. Jina la kanga ni maneno yanayosemwa kwa pembeni. Mwanamke hamwambii jirani yake kwamba ana wivu. Anavaa “Usisafirie nyota ya mwenzio”, anapita mlangoni kwake mara mbili, na ujumbe unafika. Kufahamu maneno yanayosema hivi yakimaanisha vile ndiko hasa kunakowawia vigumu wengi wenye usonji, nasi tunahangaika kuwatengenezea mazoezi ya karatasi yasiyo na ladha yoyote. Binti yako ameshika mkononi mamia ya mazoezi hayo, kwa Kiswahili chetu wenyewe, tena anayapenda. Kaeni naye, wewe au mama yake au bora zaidi bibi yake, chukueni jina moja kila jioni mumuulize: hii angeivaa nani, akimwambia nani, kwa sababu gani, na aliyeambiwa angejisikiaje? Mwanzoni atakujibu neno kwa neno, kwamba nyota haisafiriwi kwa sababu iko mbinguni. Msimcheke. Mwelezeni, naye aandike maelezo hayo kando ya jina, katika safu mpya ya daftari. Akiisha kuizoea safu hiyo hataacha hata jina moja likae bila maelezo, kwa maana nafasi tupu katika orodha itamkera.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka ishirini na sita, nipo Unguja, na mwaka jana daktari alinithibitishia kuwa nina usonji. Jambo langu ni maji ya bahari. Kwa miaka kumi na mmoja nimeandika kila siku saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, upepo, na mwezi una siku ngapi. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likikaribia silali kwa furaha. Kazini, ghalani, nikianza kuzungumza juu yake watu huondoka nami sijui nimekosea wapi. Mama anasema niache kabla hajanipelekea posa, kwa maana hakuna mwanamke atakayekubali. Nikiacha, nitakuwa kama wengine? — Kijana, Unguja

Marahaba mwanangu. Hutakuwa kama wengine. Utakuwa wewe yuleyule mwenye usonji, bila kile kinachokupumzisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha watu wazima wenye usonji, uliona kwamba shauku hizi huendana na kuridhika zaidi na maisha, kwa starehe na kwa maingiliano na watu pia. Utafiti huohuo ulionyesha jambo jingine ambalo naona linakuhusu: pale shauku inapokuwa kali mno, hali njema ya mtu hupungua. Kwa hiyo swali lako la kuacha au kutoacha naliweka kando, nikuulize mengine. Usiku wa bamvua unalala saa ngapi, na siku inayofuata unafikaje ghalani? Umewahi kukosa kazi au kula kwa ajili ya kipimo? Fedha zako zinatosha mwezi? Majibu yakiwa mazuri, hakuna mtu anayedhurika. Yakiwa mabaya, tengeneza ratiba: kipimo cha usiku unaweza kukikadiria kutoka kile cha mchana, nawe unajua kuliko mimi kwamba saa ya maji kujaa husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo daftari halitaharibika ukilala.

Kuhusu watu kuondoka, hujakosea kwa kupenda. Umekosa alama ambayo wao huitoa kimya. Hebu tuifanye iwe ya kuhesabika. Sema mambo mawili, kisha uulize swali moja linalomhusu msikilizaji, kisha unyamaze mpaka ajibu. Akijibu kwa neno moja na kutazama kando, mazungumzo yameisha, na hilo si tusi. Akiuliza swali juu ya maji, una ruhusa ya mambo mengine mawili. Wako watu watakaouliza sana, ila huenda hawapo ghalani. Wavuvi wako pwani, na zaidi yao wako akina mama wa mwani wa Paje, Jambiani na kwingineko, ambao kazi yao ya kufunga mbegu na kuvuna hutegemea maji makavu ya bamvua na husimama wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Kitabu cha bandarini kitawapa saa iliyokokotolewa. Wewe una miaka kumi na mmoja ya saa iliyoonekana kwa macho, pamoja na upepo wa kila siku. Nenda siku moja na daftari la mwaka jana, kaa na mmoja wao, umuulize siku zipi alichelewa kuvuna, mtafute pamoja sababu. Sikuahidi malipo. Nakuahidi msikilizaji.

Na posa ya mama isogee mbele, lakini mchumba ajue kila kitu kabla ya mahari kutajwa. Mwambie kwa kauli yako, au umwandikie barua kama kusema kunakuwia vigumu, kwamba una usonji, kwamba kelele na wageni wengi hukuchosha, kwamba ukinyamaza hujakasirika. Na umwambie kwamba mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, utaamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda ufukweni, na kwamba utarudi maji yakianza kujaa.